Mkanda Mdogo

Mgonjwa ni mimi.
Nililisema hilo mlangoni, nikalirudia mezani:
mimi ndiye Sekela, wa kila Jumanne ya pili,
huyu amekuja kunishikia mwavuli tu,
maana mvua ya Kiwira haimwulizi mtu anakwenda wapi.

Lakini foleni ilikuwa fupi,
na mjukuu wangu akanyoosha mkono, "Na mimi."
Mkanda ukamzunguka mara mbili, ukabaki unaning'inia
kama koti la kurithi.
Nesi Tusajigwe akacheka, akapekua droo,
akatoa mkanda mdogo, bado umo kwenye nailoni yake.
Akabonyeza. Akasikiliza.
Akaacha kucheka.

"Tulia, Anyitike. Usiongee. Miguu chini."
Miguu haikufika chini.

Nikasema mashine imekufa.
Nikasema tumepanda mlima, tena na tope hili.
Nikasema presha ni yetu sisi wenye wajukuu,
mjukuu ataipata wapi?
Nesi akaandika namba, akaikunja karatasi.
"Mje Alhamisi. Na Jumanne mje tena."

Usiku ule nikaitupa chumvi, pakiti na nusu,
kwenye shina la mgomba nyuma ya jiko.
Mgomba ukanyauka.
Namba haikushuka.

Tukapelekwa Mbeya.
Wakapima mkojo wake, wakazipiga figo picha,
figo nzima kabisa, kama maharage mabichi.
Kisha daktari, kijana mwenye sweta la kufumwa,
akauliza jambo ambalo sijawahi kuulizwa juu ya mtoto:
"Analala?"

Nikajibu upesi: analala. Kitanda kimoja na mimi, yeye ukutani.

"Silali," akasema Anyitike. "Najifanya.
Bibi akikoroma, najua yupo.
Akinyamaza, nahesabu.
Nikifika ishirini namgusa mguu."

Miaka kumi, huyu.
Mama yake alinyamaza hivyohivyo, msimu wa kuvuna viazi,
yeye akiwa kando yake, akidhani mama amechoka.
Na mimi, kila asubuhi,
nilimeza kidonge changu mbele ya macho yake,
nikasema kwa utani, "Bila hiki, nakufa."

"Na moyo?" daktari akauliza.
"Unapiga hodi. Huku, masikioni.
Siitikii karibu.
Sijui ni nani."

Nikakumbuka barua ya mwalimu: anasinzia, ana hasira, ameshuka
kutoka wa pili hadi wa thelathini na nane.
Nilikuwa nimemchapa kwa barua ile.

Hofu ndiyo iliyopandisha presha,
au presha ndiyo iliyoilea hofu?
Daktari alisema hajui,
huenda zinasukumana tu, kama watoto wanaogombea mlango.
Akatoa nusu kidonge kwa siku, akatoa mazoezi,
na kila Ijumaa chumba cha mwisho,
kwa dada mmoja mwenye kalamu za rangi na subira.

Jirani yangu akasema, "Wamempeleka kwa vichaa."
Nikamwambia ndiyo, na mimi niliingia.
Nilichora ng'ombe. Akatoka na miguu mitano.

Sasa tuna mapatano:
nikigeuka usiku, nakohoa mara moja,
hata kama sina kikohozi.
Kidonge changu nakimeza jikoni, bila utani.
Jumanne iliyopita namba ilishuka kidogo.
Nesi amesema tusishangilie,
ila mkanda ule hauko tena kwenye nailoni;
juzi ameletwa msichana wa darasa la sita kutoka Ndaga.

Jana nilishtuka saa tisa.
Ukungu dirishani, na kimya upande wa ukutani.
Nikaanza kuhesabu, mimi.
Kumi na tano. Kumi na sita.
Kumi na saba,
na mtoto akakoroma, vibaya, kama mzee.